Meli za Stima: Pampu Zilizovusha Bahari

Wale waliofika hapa leo wakitarajia somo la programu, nawaomba radhi. Leo hakuna hifadhidata wala mistari ya kunakili. Leo tunashuka chini ya sitaha ya meli za zamani, kule kwenye joto, mafuta na kelele, tuone mashine ya mvuke ilivyofanya kazi. Mimi ni mtu wa kompyuta, hata digrii yangu ni ya kompyuta, lakini macho yakichoka na kioo hiki hupenda kusoma habari za mashine zilizoendeshwa kwa moto na maji. Katika kusoma huko nimekutana na jambo moja ambalo sikuwahi kufundishwa katika somo la historia, na ndilo ninalotaka ubaki nalo leo.

Tuanze na lugha yetu. Mkenya umeme ukikatika husema "stima imepotea". Neno hilo lilitujia kutoka Kiingereza na halikuwa na uhusiano wowote na umeme. Stima ilikuwa mvuke, na chombo kilichoendeshwa kwa mvuke. "Meli" nayo imetokana na neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa vyombo hivyo ndivyo vilivyoleta mifuko ya barua pwani yetu. Na "bomba" ni la Kireno. Kwa Wareno lilikuwa jina la kifaa cha kuvuta maji. Kwa hiyo kila siku tunabeba mdomoni vipande vya mashine ya meli bila kujua. Ili tusichanganyikiwe, katika makala haya nitasema pampu nikiwa na maana ya mashine inayosukuma au kuvuta, na bomba nikiwa na maana ya njia yanamopita maji.

Sasa swali. Meli ya mvuke ilihitaji nini ili kuvuka bahari kuu? Ukiwauliza watu kumi, tisa watakujibu makaa ya mawe. Ni kweli, makaa yalihitajika kwa wingi. Lakini nadai kwamba kilichoamua zaidi ni maji, maji matamu, na pampu chache zilizoyazungusha. Kaa nami nikueleze.

Mashine iliyozaliwa kwa ajili ya pampu

Mashine ya mvuke haikubuniwa ili kuendesha chombo chochote. Ilibuniwa ili kuendesha pampu. Migodi ya Uingereza ilikuwa ikijaa maji, na mwaka 1698 Thomas Savery alipata hataza ya kifaa cha kuyainua kwa mvuke. Mwaka 1712 Thomas Newcomen akasimamisha mashine yake karibu na Dudley. Ilikuwa na silinda kubwa na pistoni ndani yake. Mvuke uliingia chini ya pistoni, kisha maji baridi yakanyunyizwa mle ndani. Mvuke ukapoa na kugeuka matone.

Hapa simama kidogo, maana siri yote imelala hapa. Lita moja ya maji ikichemka yote kwa presha ya kawaida ya hewa hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukiupoza mvuke huo ndani ya chombo kilichofungwa, unarudi kuwa lita ile moja, na nafasi iliyobaki inakuwa karibu tupu. Hilo ndilo ombwe. Hewa ya nje, ambayo hatuihisi kwa kuwa tumezaliwa ndani yake, inasukuma kwa takriban pauni 15 kwa kila inchi ya mraba. Basi katika mashine ya Newcomen si mvuke uliofanya kazi, ni hewa iliyoshindilia pistoni chini ndani ya ombwe.

Kasoro ilikuwa kwamba silinda ilipashwa moto na kupozwa kila pigo, na makaa yakateketea bure. Mwaka 1765 James Watt akapata wazo, akalipatia hataza mwaka 1769: mvuke upoe katika chombo kingine kando, ili silinda ibaki moto daima. Chombo hicho ni kondensa. Lakini kondensa ingejaa maji na hewa iliyopenya, kwa hiyo Watt akaiwekea pampu ya kuvitoa. Hivyo mashine iliyozaliwa ili kuendesha pampu ikaanza yenyewe kutegemea pampu.

Baharini maji ni mengi, tena hayafai

Mtoni mambo yalikuwa mepesi. Vyombo vya mto Mississippi huko Marekani vilichota maji ya mto, vikayachemsha kwa presha kubwa, na mvuke uliokwisha kutumika ukatupwa hewani kwa kishindo. Hata kondensa havikuwa na haja nayo, kwa sababu maji matamu yalikuwa chini yao safari nzima.

Baharini kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi. Wahandisi wa zamani walikuwa na kipimo chao: sehemu 1 ya chumvi katika sehemu 32 za maji. Kondensa ya Watt ilipoza mvuke kwa kuunyunyizia maji, na baharini maji ya kunyunyiza ni ya bahari. Kwa hiyo maji matamu yaliyotokana na mvuke yalichanganyika na ya chumvi, na mchanganyiko huo ndio uliorudishwa ndani ya boila.

Hebu tupige hesabu, maana hii ndiyo raha yangu. Chukua boila yenye tani 20 za maji, inayotoa tani 5 za mvuke kila saa. Mvuke huondoka bila chumvi, chumvi hubaki. Ukijaza tani 5 za maji ya bahari kufidia, umeingiza kilo 156 za chumvi. Kwa siku nzima ni kilo 3,750. Ukitaka kuiona picha, ni zaidi ya magunia 40 ya kilo 90 yakimwagwa ndani ya boila moja kila siku. Kwa saa 4 tu ukali wa chumvi unakuwa maradufu. Kabla ya siku mbili kwisha, maji hayawezi tena kuyeyusha chumvi zaidi.

Na chumvi ya mezani si mbaya kuliko zote. Maji ya bahari yana pia madini ya chokaa ambayo hung'ang'ania chuma na kufanya ukoko mweupe mgumu. Yeyote aliyechemsha maji ya kisima cha pwani kwenye birika anaujua ukoko huo. Katika birika unakuchelewesha chai. Katika boila unazuia joto lisifike kwenye maji, chuma kinapata joto la kupita kiasi, kinalainika, kinaanza kubonyea. Kadiri presha na joto vinavyopanda, ndivyo ukoko unavyojijenga haraka. Ndiyo maana meli za bahari za miaka ya 1840 na 1850 zilibaki kwenye presha ndogo, isiyozidi pauni 20 au 25 hivi kwa inchi ya mraba.

Dawa ya wakati ule ilikuwa kumwaga. Fundi alifungua valvu na kutupa baharini sehemu ya maji ya boila yaliyokolea chumvi, kisha akajaza mapya. Ukitaka ukali wa chumvi usizidi mara mbili ya ule wa bahari, nusu ya maji yote unayoingiza lazima uyatupe. Nayo unayatupa yakiwa moto! Kwa hesabu yangu, katika boila ya presha ndogo kama hizo, karibu sehemu moja kati ya saba ya makaa iliishia kupasha samaki.

Wenzangu wa programu watalitambua tatizo hili. Kuna programu zinazovuja kumbukumbu: kila saa zinakusanya takataka kidogo, na kwa kuwa hakuna anayejua takataka zinatoka wapi, zinazimwa na kuwashwa upya kila usiku. Nimewahi kuutunza mfumo wa namna hiyo, na kila mtu ofisini aliona ni jambo la kawaida. Kumwaga maji ya boila ndiko huko huko: mashine inatembea, lakini ugonjwa haujaguswa.

Mtu aliyetaka maji yasichanganyike

Mwaka 1834 Mwingereza Samuel Hall alipata hataza ya kondensa yenye mirija. Wazo lake ni rahisi kulieleza: maji ya bahari yasiguse mvuke kabisa. Yapite upande mmoja wa ukuta wa mirija myembamba, na mvuke upite upande wa pili. Joto livuke ukuta, chumvi isivuke. Mvuke unageuka maji matamu, yanakusanywa, yanarudi boilani, yanachemka tena. Maji yale yale safari nzima.

Meli Sirius, iliyofika New York tarehe 22 Aprili 1838 baada ya siku 18 kutoka Cork, ilikuwa na kondensa za namna hiyo. Kesho yake tu ikafuatwa na Great Western ya Isambard Kingdom Brunel, ambayo ilikuwa imeondoka Bristol siku nne baada yake. Kwa hiyo dunia iliona kwamba Atlantiki inavukika kwa mvuke.

Ungetegemea basi kwamba kila meli ingechukua kondensa ya Hall mara moja. Wapi! Ilikaa kando kwa zaidi ya miaka 20. Sababu ilikuwa mafuta. Silinda zililainishwa kwa shahamu ya wanyama. Katika kondensa ya kunyunyiza, shahamu ilitupwa baharini pamoja na maji. Katika mzunguko uliofungwa haikuwa na pa kutokea. Iliganda kwenye mirija ikaiziba, na ndani ya boila ikavunjika kuwa asidi iliyokula chuma. Dawa ilipatikana pale mafuta ya madini yalipochukua nafasi ya shahamu, na katika miaka ya 1860 kondensa ya mirija ikarudi, safari hii ikakaa. Wazo zuri lilisubiri kopo la mafuta.

Pampu nne na mzunguko mmoja

Sasa tuufuate mzunguko wenyewe. Mfano wangu ni mashine ya meli za Liberty, kwa sababu unaweza kuiona hata leo. Marekani ilijenga meli 2,710 za aina hiyo kati ya mwaka 1941 na 1945. Moja yao, Jeremiah O'Brien, imehifadhiwa San Francisco na mashine yake bado inazunguka. Ukiwa umeitazama filamu ya Titanic ya mwaka 1997, chumba cha mashine ulichokiona kilipigwa picha humo.

Mvuke unatoka kwenye boila kwa presha ya pauni 220. Unaingia silinda ya kwanza, ndogo, yenye kipenyo cha inchi 24 na nusu. Ukishasukuma pistoni umepanuka na presha imeshuka, lakini nguvu haijaisha. Unapelekwa silinda ya pili ya inchi 37, kisha ya tatu ya inchi 70, kubwa kuliko urefu wa watu wengi. Kila silinda ni kubwa kuliko iliyotangulia kwa sababu mvuke unazidi kutanuka. Pistoni zote tatu zinazungusha mhimili mmoja, na mhimili unazungusha rafadha, au propela kama wengi tunavyoita, mara 76 kwa dakika. Nguvu yake ni farasi 2,500. Gari la mizigo la leo linazungusha injini mara elfu na zaidi kwa dakika. Mashine hii inakwenda polepole kiasi kwamba unaweza kuihesabu kwa kidole.

Mvuke uliochoka unaingia kwenye kondensa. Hapa ndipo pampu zinapoanza.

Ya kwanza ni pampu ya kuzungusha maji ya bahari. Inayavuta kupitia tundu ubavuni mwa meli, inayapitisha ndani ya mirija, inayarudisha baharini. Kazi yake ni kubeba joto tu.

Ya pili ni pampu ya hewa. Jina linadanganya kidogo, maana inatoa maji na hewa pamoja. Mvuke unageuka maji, lakini hewa iliyopenya kwenye maungio haigeuki kitu. Isipotolewa inakusanyika, ombwe linakufa. Na ombwe si pambo. Ile pistoni ya inchi 70 ina uso wa inchi za mraba zaidi ya 3,800. Tuseme pampu ya hewa imeondoa pauni 12 kati ya zile karibu 15 za hewa upande mmoja wa pistoni. Hiyo ni sawa na kuongeza uzito wa karibu tani 21 kwenye kila pigo, bila kijiko kimoja zaidi cha makaa. Katika mashine nyingi za pistoni, pampu hii iliendeshwa kwa wenzo uliofungwa kwenye fimbo ya mashine kuu. Pistoni ikipanda, pampu inashuka.

Ya tatu ni pampu ya kulisha boila. Maji matamu yaliyotoka kwenye kondensa yanakusanyika kwenye tangi, nayo inayasukuma kurudi ndani ya boila. Ni lazima iwe na nguvu kushinda presha ya boila yenyewe, na mbele yake kuna valvu ya njia moja ili boila isiyateme maji nyuma. Lakini angalia uzuri wake: inasukuma maji, haisukumi mvuke. Kuulazimisha mvuke urudi boilani jinsi ulivyo kungekula nguvu yote tuliyoipata. Ukishageuka maji, zile lita 1,600 ni lita moja tu, na kuisukuma lita hiyo dhidi ya pauni 220, ukiacha msuguano, hakuhitaji hata sehemu moja kati ya 1,000 ya nishati ambayo moto uliitoa kuichemsha. Hii ndiyo sababu tunapoza kabla ya kurudisha.

Ya nne ni pampu ya ngama. Watu wa majahazi wanaijua ngama, lile shimo la chini ya chombo ambako maji yanayopenya hukusanyika na mabaharia huyakumba kwa ndoo. Melini kuna pampu kwa kazi hiyo. Na kuna ujanja ninaoupenda: pale chombo kinapojaa maji kuliko kawaida, fundi anaweza kufungua valvu ya dharura ili pampu kubwa ya kondensa iache kuvuta baharini na ivute kutoka ndani ya meli. Maji yanayotaka kuizamisha meli yanakuwa ndiyo yanayopoza mvuke unaoiendesha.

Meli ikisimama

Mwerevu kati yenu ameshauliza: pampu ya kulisha ikiwa inaendeshwa na mashine kuu, meli ikisimama itakuwaje? Moto haujui kwamba nanga imeshushwa. Maji yanaendelea kuchemka, kina kinashuka, na hakuna kinachorudi.

Swali hilo lilimpata Mmarekani Henry Worthington. Mwaka 1840 alikuwa na mashua ya mvuke ya kupita kwenye mifereji, na kila iliposimama kusubiri milango ya maji ilimlazimu kulisha boila kwa pampu ya mkono. Akabuni pampu inayojitegemea: silinda ndogo ya mvuke upande mmoja, silinda ya maji upande wa pili, fimbo moja katikati, na valvu inayojigeuza yenyewe. Haina gurudumu. Haihitaji mashine kuu iwe inatembea. Mabaharia wa Kiingereza waliziita pampu za akiba "punda", na nadhani punda angestahili heshima zaidi. Huko Glasgow ndugu wawili, George na James Weir, walijenga kampuni nzima juu ya pampu za kulisha, na jina lao likaonekana kwenye vyumba vya mashine dunia nzima.

Hili si suala la ufundi mtupu. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri ndani ya boila, chuma kinabaki uchi juu ya moto. Kinalainika. Presha inakikunja, kinapasuka, na maji yote yaliyokuwa moto kupita kiasi yanalipuka kuwa mvuke kwa mara moja. Tarehe 27 Aprili 1865, karibu na Memphis, boila za Sultana zililipuka zikaua zaidi ya watu 1,100, wengi wao askari waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka vitani. Boila yake moja ilikuwa imetiwa kiraka kwa haraka siku chache kabla, na maji pungufu yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Sasa jiulize ni nani aliyekuwa amesimama mbele ya tanuri. Nahodha yuko juu kwenye upepo. Aliye chini ni mchochea moto. Na hapa hadithi inafika kwetu kweli. Katika karne ya 19 meli za kivita za Kiingereza katika Bahari ya Hindi, na za biashara pia, ziliajiri Waafrika wengi kazi za makaa na moto. Waingereza waliwaita "Seedie". Wengi walitoka Zanzibar na mwambao wetu, na baadhi yao walikuwa watumwa waliokombolewa. Watu waliozungumza lugha hii unayoisoma walisimama kwenye joto hilo, koleo mkononi, na uhai wao ukategemea kama pampu ya kulisha inafanya kazi na kama kile kioo cha kupimia maji kinasema kweli. Vitabu vinakumbuka majina ya meli. Wao majina yao mengi yamepotea.

Maji matamu yalinunua nini

Mara maji yalipokuwa safi, presha iliweza kupanda. Mwaka 1866 Agamemnon ya Alfred Holt wa Liverpool, yenye presha ya pauni 60 na mashine inayotumia mvuke mara mbili, ilikwenda mpaka Mauritius, takriban maili 8,500, bila kusimama kupakia makaa. Mwaka 1881 Aberdeen, yenye pauni 125 na mashine inayotumia mvuke mara tatu, kazi ya Alexander Kirk, ilifika Melbourne kwa siku 42 ikisimama kuchukua makaa mara moja tu. Makaa machache maana yake ni nafasi zaidi ya mizigo, nauli ndogo, na jahazi la tanga kubaki na soko dogo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na ukafupisha njia. Mzunguko wa maji matamu ulikuwa unaifupisha gharama. Na njia ile ile iliyoleta barua na nguo ndiyo iliyoleta bunduki na maafisa wa ukoloni. Hilo nalo tusilisahau tunaposifia mashine.

Meli za mvuke zilipanda hata bara. William Mackinnon ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikatiwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika huko Desemba 1901. Ziwa Victoria lina maji matamu, kwa hiyo balaa la chumvi halikuifuata.

Ila hadithi inayonigusa zaidi ni ya Ziwa Tanganyika. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa kwa maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walioijenga walikuwa bado naye huyo mtoto wao, na kabla ya kuizamisha waliipaka mashine yake grisi nene kila mahali. Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, baada ya karibu miaka minane, boila na mashine zilikuwa zinatumika. Mwaka 1927 ikapewa jina jipya, Liemba, na ikaendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipobadilishwa kuwa ya dizeli. Hao ni watu waliojua kwamba adui wa chuma ni maji yaliyo mahali yasipotakiwa.

Stima imerudi nyumbani

Unaweza kudhani mambo haya yamekwisha na kwamba yanafaa makumbusho tu. Nenda Olkaria. Tangu mwaka 1981 mvuke kutoka chini ya ardhi unazungusha mitambo pale, na siku hizi umeme wa namna hiyo ni takriban sehemu nne kati ya kumi za umeme wa Kenya. Hakuna pistoni, ni tabo. Lakini mwisho wa mtambo utakuta kondensa, maji baridi yanayobeba joto, na vifaa vya kutoa gesi zisizogeuka maji ili ombwe lisife. Ni kazi ile ile ya pampu ya hewa ya Watt, na pale ni ngumu zaidi kwa kuwa mvuke wa ardhini huja na gesi zake.

Kwa hiyo Mkenya anayesema "stima imepotea" anasema jambo la kweli kuliko anavyofikiri. Neno lilianza kwa mvuke melini, likahamia kwenye umeme, na sasa umeme wenyewe umerudi kwenye mvuke.

Ukitembelea meli ya zamani popote duniani, watakuonyesha mashine kubwa inayong'aa, nawe utapiga picha. Piga. Kisha inama, tafuta kule pembeni ile mitambo midogo iliyopakwa rangi ya kijivu, yenye mabomba yanayoingia na kutoka, ambayo hakuna aliyeiandikia kibao. Hiyo ndiyo iliyowafikisha watu ng'ambo.

Tukutane tena hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu, naahidi.